Chembe Zilizoamshwa Bure

Kila fundi ana wazimu wa fani yake. Mshona viatu akikutana nawe njiani huanza kuisalimia miguu. Mwashi akikaribishwa kwa watu hugonga ukuta kwa kiganja kwanza, ndipo akae. Mjomba Barafu naye, ambaye riziki yake yote ilitoka ndani ya sanduku moja jeupe lenye kuta nene, aliamini kwamba duniani hakuna kitu kizuri ambacho hakitazidi kuwa kizuri kikipozwa. Ukimwambia una huzuni, angekushauri unywe maji baridi.

Sanduku hilo lilifungwa nyuma ya baiskeli ya matairi matatu, na kila asubuhi alilijaza mabonge ya barafu kiwandani akayasambaza kwa wauza vinywaji, wauza samaki na wenye sherehe. Alilijua joto kama mtu anavyomjua jirani mdokozi: linapita saa ngapi, linaingilia wapi, linaanza na kipi. Jina lake la utani alipewa na mpwa wake, mtoto pekee wa mdogo wake wa kike, na mtoto huyo naye aliitwa Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa na hakuwa amenyamaza tangu hapo. Hayo ni maneno ya mjomba. Mama mtu hakuyakubali, lakini hakuyakana.

Sasa Kasuku alikuwa amelazwa. Damu yake iliingiwa na ugonjwa, madaktari wakampa dawa kali za kuufukuza. Dawa kali hazina macho. Zikitumwa kwa mwizi hupiga na wenye nyumba. Zilikuwa zimeulaza uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, na uboho ukilala haichukui muda chembe sahani kuadimika. Hizo ni chembe ndogo kupita zote za damu, bapa kama visahani, na kazi yake ni kuziba panapochanika. Mtoto alikuwa na vidoa vya zambarau miguuni ingawa hakuna aliyempiga, na tangu alfajiri ya siku hiyo pua yake ilikuwa inavuja damu, tone baada ya tone, bila pupa na bila kukoma.

Mama yake alikaa ukingoni mwa kitanda, ameibana ile pua kwa kitambaa na vidole viwili kama alivyoelekezwa. Akiachia, damu inarudi. Anabana tena.

"Asipoongezewa chembe sahani leo," daktari alimwambia mjomba pembeni, kwa sauti ya chini, "nachelea ataanza kuvuja mahali ambapo hatuwezi kubana. Kichwani, kwa mfano. Benki ya damu wana mfuko mmoja unaomfaa. Gari letu limetoka. Una usafiri?"

"Ninao," alisema Mjomba Barafu, na tayari alikuwa mlangoni.

Benki ya damu ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, jengo la chini lenye madirisha mapana. Ndani palikuwa na utulivu wa watu waliolala baada ya chakula cha mchana, ingawa ilikuwa bado asubuhi. Mashine moja ilikaa kwenye kona, ina trei kadhaa, nazo trei zilikwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, polepole, hata ukizitazama kwa muda kope zinaanza kuwa nzito. Juu ya trei mojawapo ulilala mfuko wenye maji ya manjano. Mjomba alikuwa ametegemea kuona kitu chekundu. Alidhani amekosea mlango.

"Ndizo hizo," alisema mtunza damu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Aliuinua mfuko hadi kwenye mwanga wa dirisha, akautikisa kidogo. Ndani ya ule umanjano kikatokea kitu kinachozunguka, chepesi, chenye kumetameta, kama moshi mwembamba unaokatiza kwenye mwali wa jua. Kilijikunja, kikajikunjua, kikapotea, kikarudi. Mjomba alisahau kilichomleta.

"Unaona zinavyocheza?" mama yule akasema. "Zikicheza hivyo ziko hai, na ziko bapa. Sasa nisikilize. Ushike mkononi. Uwe unautikisa taratibu. Mfuko usipigwe na jua. Na ukae na joto la kawaida la chumba, hivi hivi ulivyo, mpaka wodini."

"Joto?"

"La chumba. Kama hapa tulipo."

Mjomba aliitikia, akatabasamu kama mzee anayefundishwa kuvaa viatu. Maskini, alijisemea, mama huyu amesoma, lakini hajawahi kusafirisha kitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa, ila wahenga hawakutwambia tufanyeje guu linapokuwa la mtu mwingine.

Nje jua lilikuwa kali kana kwamba limeshuka hadi usawa wa kofia. Lami ilinata kwenye nyayo. Aliugusa mfuko, akausikia una uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani, akaona tayari umeanza kuharibika. Amewahi kuona maziwa yakikatika kwa joto dogo kuliko lile. Amewahi kuona samaki mzima mzima akigeuka uvundo kati ya mtaa na mtaa. Basi akafungua sanduku, akatandika barafu iliyopondwa, akakunjua taulo safi juu yake, akaulaza mfuko, akaufunika kwa taulo nyingine na barafu nyingine. Aliufanyia kila alichokijua. Alikuwa mjinga siku ile, sikatai, lakini sijaona ujinga uliofanywa kwa upendo mwingi kiasi kile.

Njia nzima alipiga mluzi.

Wodini, nesi aliingiza mkono sandukuni na kuutoa haraka kama aliyeungua.

"Mjomba, uliuweka kwenye barafu?"

"Chini na juu," alijibu, kifua mbele. "Joto halijausogelea."

Nesi akageukia mlangoni. Alimwita daktari. Daktari akaupeleka mfuko dirishani, akautikisa, akautikisa tena. Yale maji ya manjano yalikwenda huku na kurudi huku, yamezubaa, hayana kitu ndani. Hakuna kilichocheza. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake na aliona mwenyewe. Hakuhitaji kuambiwa, ingawa aliambiwa, tena kwa upole, kwamba chembe zile zisingemfaa mtoto tena na kwamba mfuko mwingine haukuwepo.

Mdogo wake alikuwa amesikia yote. Hakugeuza kichwa, kwa sababu ya ile pua.

"Kaka," alisema, "angekuwa mtu mwingine ningejua la kumwambia."

Angemrushia bakuli ingekuwa nafuu. Mjomba Barafu aliangalia doa la damu likipanuka kwenye kitambaa, akamuuliza daktari, "Hizo chembe, huwa mnazitoa wapi?"

"Mikononi mwa watu," daktari akasema. "Kundi lako la damu unalijua?"

"Moja na la mtoto. Mlinipima alipolazwa."

"Basi nenda. Nitawapigia simu."

Akarudi ng'ambo ya pili ya mji akikanyaga pedali kama anayefukuzwa na nyuki. Mtunza damu alikuwa anamsubiri mlangoni. Alimpima, akamuuliza maswali mengi, na kubwa lilikuwa kama amekunywa dawa yoyote ya maumivu wiki hiyo. "Nyingine huzitia chembe uziwi," alisema. "Zinazunguka vizuri tu, lakini ukiziita haziji." Hakuwa amekunywa. Akalazwa kwenye kiti kirefu kando ya dirisha, sindano mkono wa kulia, sindano mkono wa kushoto, na katikati yake mashine ikaanza kuvuma. Damu ilitoka kulia, ikazungushwa, ule umanjano mwembamba ukabaki kwenye mfuko, na wekundu ukarudishwa kwake kwa kushoto.

"Usikunje mikono. Itachukua zaidi ya saa."

Mjomba alinyoosha mikono kama alivyoambiwa. Kisha akasema, akitazama dari, "Mama, zile za asubuhi, baridi ilizifanya nini?"

Mtunza damu alivuta kigoda. Angeweza kumsema, na haki alikuwa nayo. Badala yake alisema, "Baridi huziamsha. Chembe sahani kazi yake ni kusinzia mpaka kuwe na kidonda. Ndiyo maana tunazitikisa, zisishikane, zisije zikadhani kuna jambo. Ukizipoza zinaamka, zinaacha ubapa, zinatoa miiba. Zikishafika hapo hazirudi tena kulala. Ukimtia mtu, ini lake litaziokota na kuzitupa."

"Kwa hiyo niliziamsha."

"Uliziamsha."

Midomo ya mjomba ilikuwa inawasha kwa mbali kwa ile dawa ya mashine inayozuia damu isigande, na ubaridi ulikuwa unampanda kutoka mkono wa kushoto, kwa kuwa damu hurudi ikiwa imepoa kidogo. Mtu aliyeshinda maisha yake ndani ya baridi alianza kutetemeka. Alifunikwa blanketi. Mashine ikavuma, trei za kwenye kona zikaenda na kurudi, mwanga wa dirishani ukatambaa kwenye ukuta, na Mjomba Barafu akazama.

Alijikuta ndani ya mfupa wake mwenyewe. Alijua ni wake bila kuambiwa, kama mtu anavyokijua chumba alichozaliwa. Palikuwa na mwanga mwekundu, ukuta laini, na shughuli nyingi zisizo na kelele. Mama mmoja mnene kupita kiasi alikuwa ameegemea ukutani, na mikono yake mirefu ameipenyeza kwenye tundu la dirisha. Nje ya dirisha ulipita mto. Mto ulipopita uliimega ile mikono ncha kwa ncha, na kila kipande kilichomegeka kilijikusanya, kikawa kisahani, kikaelea kwenda zake.

"Mama, huumii?" mjomba akauliza.

"Naumiaje na ndiyo kazi yangu?"

"Na ukiisha?"

"Nikiisha nimeisha. Wako wengine nyuma yangu wanaonenepa."

Alitazama nyuma yake akawaona, safu kwa safu, wanatabasamu, wananenepa. Akataka kumshukuru, hakupata neno la kutosha, akachungulia dirishani na mto ukamchukua.

Huko majini alikifuata kisahani kimoja. Kilikuwa kidogo, hakina hata kiini ndani yake kama chembe nyingine zilivyo. Yeyote angekiona angesema ni takataka ya damu. Kilibingirika kando kando ya ukuta, na ukuta ulikuwa laini, nao ulikuwa unakinong'oneza muda wote: lala, hakuna jambo, lala, hakuna jambo. Kikalala kinaelea. Wenzake walikuwa maelfu kwa maelfu, wote wamelala. Wengine waliendelea hivyo siku zote za maisha yao, siku zisizozidi kumi, wakazeeka, wakaokotwa na bandama bila kuwahi kuitwa. Mjomba aliwaonea huruma, kisha akaona hawakuwa na huzuni yoyote.

Halafu ule mnong'ono ukakatika. Mahali fulani mbele ukuta ulikuwa umechanika, na chini ya ulaini wake zikaonekana kamba ngumu, nyeupe, ambazo hakuna kisahani kinachopaswa kuziona. Kile chake kikagusa kamba. Kikanasa. Kikafumbua macho, kama kingekuwa na macho. Ubapa ukakitoka, kikaota mikono pande zote, na vifuko vidogo kilivyovibeba tangu mfupani vikapasuka vikamwaga mwito ndani ya maji. Wa karibu wakausikia. Wakaja, nao wakaota mikono, wakashikana na cha kwanza, wakamwaga mwito wao, wakaja wa mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa, mjomba alijisikia akisema. Ndipo maji yenyewe yakaanza kutoa nyuzi, nyuzi ambazo muda wote zilikuwa zimeyeyuka humo kama sukari, zikafumwa juu ya ile mikono mpaka zikawa wavu. Chembe nyekundu zilizopita zikanaswa. Tone lililokuwa linatoka likachelewa, likasimama. Kisha wote kwa pamoja wakavuta, na kingo za jeraha zikaanza kusogeleana.

Alikuwa anataka kushangilia pale mwanga mweupe ulipoangaza kutoka juu. Mtu alikuwa amefungua kifuniko cha dunia. Mkono mkubwa ukaingia, wenye kovu la msumeno wa barafu kwenye kidole gumba, na Mjomba Barafu aliutambua mkono huo kwa kuwa ndio anaolia chakula. Ukamwaga barafu mtoni.

Visahani vyote vikaamka kwa mara moja. Maelfu kwa maelfu vikanyoosha mikono, vikamwaga mwito, vikatafuta. Wapi? viliuliza. Kidonda kiko wapi? Vikageuka huku, vikageuka kule, mikono imenyooka haijashika kitu. Hapakuwa na kidonda. Vikamtazama yeye.

"Laleni," aliviambia. "Nilikosea. Laleni tena."

Lakini hakuna kilichoweza.

"Mjomba. Amka, tumemaliza."

Mtunza damu alikuwa ameinama juu yake. Mjomba alijigusa uso akakuta una maji, wala hakujitia kukohoa wala kutafuta vumbi la kusingizia. Alilia kidogo, waziwazi, na yule mama akajishughulisha kufunga bandeji mpaka alipomaliza.

Kisha akauinua mfuko kwenye dirisha. Ulikuwa wa manjano, umejaa, una joto la mwili. Akautikisa. Ule moshi ukajikunja, ukajikunjua, ukametameta.

"Zangu hizo?"

"Zako. Ukiona vyaelea vimeundwa."

Vipimo vilichukua hadi alasiri. Mfuko ulilala kwenye trei, mbele na kurudi, na mjomba alikaa kwenye kiti akiutazama hivyo hivyo, mbele na kurudi. Baiskeli yake ilikuwa uani na kutoka chini ya sanduku maji yalikuwa yamechuruzika hadi mferejini. Mzigo mzima wa barafu. Alipita akayaruka. Mara hii gari la benki lilikuwepo, na mtunza damu alipotoka na mfuko alisimama kidogo, akamtazama yeye, akamtazama dereva, halafu akamwekea mjomba kwenye viganja.

Alikaa kiti cha nyuma, upande wa kivuli. Aliuinamisha mfuko kulia, akauinamisha kushoto.

"Mzee, unabembeleza?" dereva akauliza kwenye kioo.

"Endesha, bwana. Na matuta uyapite taratibu."

Hewa ya dirishani ilikuwa ya moto. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mjomba Barafu hakuwa na ugomvi nayo.

Kasuku alikuwa amelala, midomo imemkauka, rangi imemtoka. Mama yake alikuwa pale pale, kitambaa kingine, vidole vile vile. Nesi aliupokea mfuko, akaushika, akausikia ulivyo, akaitikia kwa kichwa tu. Aliutundika, akafungua mrija. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema hivyo kila siku na bado anamaanisha.

Manjano yakaanza kushuka. Mjomba alisimama upande wa miguu ya kitanda na kila tone lililoingia kwenye mrija alilifuata kwa akili hadi lilipopotea mkononi mwa mtoto, na kutoka hapo akalifuata gizani, kando ya kuta zile laini, likienda kutafuta pale mnong'ono ulipokatika. Hakujua aombe vipi. Aliomba tu zisikie.

Mfuko ulipokwisha, jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa kitanda. Nesi aliinama akachungulia.

"Mama, achia tuone."

Mama hakuachia.

"Achia, mama. Taratibu."

"Siwezi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikiachia itarudi. Na hata nikitaka, vidole havinisikii."

Mjomba Barafu akazunguka kitanda. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mdogo wake, ambao ulikuwa umekakamaa kwenye kiwiko, na akakifungua kidole cha kwanza kama mtu anavyofungua ngumi ya mtoto aliyelala. Kisha gumba. Kitambaa kikabaki kimening'inia, akakiondoa. Wote watatu wakatazama ile pua. Walitazama kwa muda mrefu, mpaka nesi akavuta pumzi, akaandika kitu, akaondoka. Damu ilikuwa imesimama.

"Zitakaa naye kwa muda gani?" mdogo wake aliuliza.

"Siku chache. Kisha zitachoka."

"Kisha?"

"Kisha nitarudi kulala pale wanitoe nyingine. Mpaka uboho wake uamke."

Mdogo wake aliinama karibu zaidi na mtoto. Alikuwa anaiangalia pua bado, haiamini. Mkono wake ulikuwa umebaki kwenye mkono wa kaka yake, na kwa kuwa ulikuwa umeshinda mchana kutwa ukibana, haukujua tena kukaa bure. Ulikitafuta kidole chake kimoja, ukakibana kwa nguvu zote zilizobaki. Kilimuuma, mpaka ncha ikageuka nyeupe. Mdogo wake akakilaza kichwa chake kitandani kando ya mtoto, akapitiwa na usingizi hapo hapo, bila kukiachia, na Mjomba Barafu akabaki amepiga magoti sakafuni.